Kidole na Mshipi

Mvuvi wa mshipi huku pwani, karibu na mdomo wa mto Ruvuma, hamwoni samaki wake. Tope la mto limefunika kila kitu. Kinachoona ni kidole cha shahada, ambacho nailoni imekichimbia mfuo. Mshipi ukidokolewa-dokolewa, anajua ni changu. Ukivutwa moja kwa moja kwenda chini, ni chewa anayekimbilia pangoni, na inabidi amkaze kabla hajaingia.

Ufundi huo ndio ninaouheshimu kwa watafiti wa maada ya giza, ile isiyoonekana ila kwa mvuto wake. Mwaka 1933 Fritz Zwicky aliona galaksi za kundi la Coma zinakwenda mbio mno. Uzito wa vinavyong'aa usingeweza kuzizuia zisitawanyike. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walipima galaksi ya Andromeda, wakakuta maeneo ya pembeni hayapungui mwendo kama ilivyotarajiwa. Kuna kitu kinavuta, na uzito wake ni kama mara 5 ya maada tuijuayo.

Lakini hapo kidole kimejua uzito, hakijajua tabia. Ndipo mwaka 2010 David Kaplan na wenzake walipochapisha wazo linalonikosesha usingizi: huenda gizani nako kuna atomi. Protoni ya giza na elektroni ya giza, zimeshikana kwa nguvu yao wenyewe, zinatoa mwanga wao tusioweza kuuona. Maada isiyogongana haina njia ya kupoa, hivyo hubaki imetanda kuizunguka galaksi kama wingu. Atomi hugongana, hung'aa, hupoteza joto. Kilichopoa huzama na kujikusanya, labda kikawa sahani nyembamba ndani ya galaksi yetu.

Sahani hiyo ingevuta nyota zinazoipitia. Chombo cha Gaia, kilichorushwa na Ulaya mwaka 2013, kimepima mienendo ya nyota, na vipimo vyake vimeibana: kama ipo, ni nyepesi. Tena kuna Bullet Cluster, makundi mawili ya galaksi yaliyopitiana: gesi iligongana ikachelewa nyuma, giza likapita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya giza haigongani sana. Atomi za giza, kama zipo, ziko katika sehemu ndogo iliyobaki.

Sehemu hiyo ndogo ndiyo inayodokoa. Mvuvi wangu hakurupuki kuvuta. Hulegeza pima moja, akatulia, kidole kikisubiri mvuto wa pili.