Kiti Nyuma ya Mgonjwa: Saikolojia Changanuzi na Uhusika

Ni mara ngapi umesahihisha insha ambamo mtahiniwa anadai kwamba mhusika fulani "ana matatizo ya kisaikolojia", kisha anaweka nukta na kuhamia hoja nyingine? Kabla hujamkata alama, itazame filamu ya A Dangerous Method (2011) iliyoongozwa na David Cronenberg kutokana na tamthilia ya Christopher Hampton. (Itazame peke yako; ina mambo ya chumbani yasiyofaa darasa, hapa Woodley wala kwingineko.)

Mandhari ni Zurich, mwaka 1904. Sabina Spielrein, msichana Mrusi, analetwa hospitalini akipiga mayowe. Daktari Carl Jung anaketi nyuma ya kiti chake na kumwacha aseme. Hapa ndipo penye ubora wa kazi hii: tunapewa taya linalokakamaa na sentensi zinazokatika kabla ya kupewa jina la maradhi. Uhusika unajengwa kwa usemi. Mgonjwa huyo, kumbuka, alikuja kuwa daktari. Sehemu ya pili, ambapo Jung na Freud wanafarakana, imepwaya.

Filamu inakomea 1913, huko huko Ulaya. Kilichofuata kinatuhusu zaidi. Mwaka 1925 Jung alipitia Nairobi akielekea Mlima Elgon, akawauliza wazee wa huko kuhusu ndoto zao kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, mganga mmoja mzee alimjibu kwa machozi kwamba tangu Wazungu waje ndoto hazina kazi tena, kwani sasa Waingereza ndio wanaojua kila kitu. Jung aliuliza habari za nafsi. Akajibiwa habari za utawala.

Lichukue jibu hilo uende nalo kwenye Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971). Mchezo wa Shetani na Binadamu unamwingia Kitaru hadi anaugua. Mtahiniwa akisema Kitaru anaumwa akili, amesema nusu tu. Juma, mwenzake katika mchezo ule, anatoka katika ukoo ulioporomoka baada ya mapinduzi, ilhali wazazi wa Kitaru wamo katika tabaka linalopanda. Mpe mwanafunzi wako swali hili: "Je, maradhi ya Kitaru ni ya Kitaru peke yake?" Kisha mkataze kulitumia neno saikolojia hadi aya ya mwisho.