Gari la Mninga na Ndoo ya Maji

Gari la kuchezea la mninga halihitaji kiwanda. Fundi wa Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, huhitaji kipande cha mbao, waya wa ekseli na soli za ndala kuukuu za kukatia magurudumu. Kazi ngumu ni kumhakikishia mzazi kwamba gari hilo halitamdhuru mwanawe.

Katika kumhakikishia mzazi hilo, Marekani walianza vibaya. Agosti 2007 kampuni ya Mattel iliondoa sokoni mamia ya maelfu ya vichezeo kwa sababu rangi yake ilikuwa na madini ya risasi. Agosti 2008 ikatiwa saini sheria kwamba kila aina ya kichezeo ipimwe na maabara huru. Lengo lilikuwa jema, hesabu ndiyo iliyokuwa mbovu. Ada ya maabara ni ileile ukiunda magari kumi au laki moja: kiwandani inagawanyika ikawa senti, karakanani inazidi bei ya mzigo mzima. Mafundi wa mikono wakapiga kelele, na walikuwa na haki.

Marekebisho yaliyofuata ndiyo ninayotaka tuyaige. Mwaka 2009 mbao asilia isiyopakwa kitu iliondolewa kwenye vipimo vya risasi. Mwaka 2011 mtengenezaji mwenye mapato yasiyozidi dola milioni moja, kwa bidhaa isiyozidi vipande 7,500 kwa mwaka, alipunguziwa vipimo kadhaa vya maabara huru. Tena fundi akaruhusiwa kutegemea cheti cha rangi kutoka kwa muuza rangi. Lakini vipimo vya risasi kwenye rangi na vya vipande vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto havikusamehewa kwa yeyote, na hapo walipatia kabisa.

Maana yake ni kwamba hatari ipimwe pale inapoingilia. Risasi haimo kwenye mninga. Huingia na kopo la rangi, hasa ya njano na nyekundu, ambazo baadhi hutengenezwa kwa kromati ya risasi. Kikomo cha Marekani ni sehemu 90 kwa milioni. Ulaya hukwangua rangi ya kichezeo, huitia kwenye asidi hafifu ya haidrokloriki yenye joto la nyuzi 37, kama tumbo la mtoto, huitikisa saa moja, huiacha itulie saa nyingine, kisha hupima kilichoyeyuka. Fundi hawezi kufanya hivyo chini ya mwembe. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na mwenye kiwanda cha rangi wanaweza, mara moja kwa kila rangi, na cheti kikawafaa mafundi wote wanaonunua kopo hilo. Barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, na nafuu ya ada za TBS humsaidia mjasiriamali mdogo, ila kumtaka apimishe upya rangi ambayo hakuitengeneza ni kumbebesha mzigo wa mwingine. Asiye na rangi yenye cheti ana nta ya nyuki, na Tabora haijapungukiwa nyuki.

Kuzuia kichezeo kisivunjike ni jukumu lake fundi, na hapa hana kisingizio. Kiwango cha Ulaya, EN 71, huangusha kichezeo mara tano kutoka sentimita 85. Pia huvuta gurudumu kwa nguvu ya nyutoni 90 kwa sekunde kumi, ambayo ni sawa na kuning'iniza ndoo ya maji yenye uzito wa kilo tisa na robo hivi. Kinachong'oka hutiwa kwenye silinda yenye upana wa milimita 31.7 na kitako cha mshazari, kina chake kikianzia milimita 25.4 hadi 57.1. Silinda hiyo ni mfano wa koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kipande kikiingia chote bila kubanwa, kichezeo kimeanguka mtihani. Ndoo inapatikana kila nyumba, na silinda huchongwa kwa mbao ileile ya mninga.

Soli ya ndala iliyokatwa kwa upana wa sentimita tano haiingii. Shanga inaingia. Misafara ya zamani iliyopita Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, ilibeba shanga kama fedha, na leo shanga ndiyo jicho la mdoli wa kitambaa. Uzi ukilegea, jicho liko mdomoni kabla mama hajageuka. Kwa mdoli wa mtoto mchanga, macho yadariziwe kwa uzi mweusi, mishono mitano kila upande.