'Huenda' katika Insha ya Uhakiki

Sisi walimu tumelea kosa moja wenyewe. Tunamtaka mtahiniwa aandike kwa uhakika, kisha kila anapotumia 'huenda' au 'yamkini' tunalipigia neno hilo mstari mwekundu. Nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi, hadi mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliponiuliza: "Mwalimu, umejuaje alichowaza Kinjeketile?" Sikuwa na jibu.

Tuitazame tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Kwamba mhusika huyu anaingia mtoni na kutoka na ujumbe wa maji ni jambo lililomo katika matini; halihitaji 'labda'. Anayeandika "huenda Kinjeketile alileta maji" anatufahamisha tu kwamba hakusoma kitabu. Lakini je, alikuwa mwongo? Anatamka kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, kisha anashtushwa na maneno yake mwenyewe. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kusema kwamba maji ni uongo. Ushahidi huu unavuta pande mbili. Mtahiniwa akidai "Kinjeketile aliwadanganya watu wake," ameufunga mlango ambao mwandishi aliuacha wazi. Akiandika "yaelekea Kinjeketile aliuamini ujumbe huo mwanzoni, kwani asingeshtuka hivyo kama angekuwa ameutunga," amedai kidogo na kuthibitisha zaidi. Neno 'kwani' ndilo linaloibeba 'yaelekea'. Likikosekana, tahadhari hiyo ni woga tu.

Vilevile, Kinjikitile Ngwale aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905 ndiye chanzo cha mhusika huyu, wala si mhusika mwenyewe. Hoja inayofaa kuhusu mmoja huenda isimfae mwingine. (Naam, hapo nami nimelitumia.)

Kuna na tahadhari ya bandia. 'Inasemekana' hupendwa sana na watahiniwa. Inasemekana na nani? Wengine hurundika: "labda huenda ikawezekana kwamba". Moja latosha. 'Bila shaka' nalo, nionavyo katika kusahihisha, hujitokeza hasa pale ambapo shaka ni kubwa na ushahidi haupo.

Yule mwanafunzi alikuwa ameandika "yamkini" mara mbili, na mara zote mbili alitaja tukio la kuunga mkono dai lake. Nilimrudishia alama zake.