Ncha Mbili za Ugwe

Fumba macho, msomaji, utembee hatua ishirini katika uwanja unaoufahamu. Tano za kwanza utazipiga bila shaka. Kuanzia ya sita mabega yatapanda, mikono itatangulia, na nyayo zitaanza kuipapasa ardhi kabla ya kuikanyaga. Sasa fikiria kilomita 42.195 za hali hiyo, kwa mbio, katikati ya umati.

Wako wanaoianza safari hiyo wangali na nuru kidogo. Ugonjwa uitwao retinitisi pigmentosa hauzimi jicho kwa siku moja. Kwanza huua seli za kuonea gizani: kijana hujikwaa magharibi inapoingia, na nyumbani huambiwa ni mzembe. Kisha kingo za macho hufungwa pole pole, mwaka hadi mwaka, hata abaki kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Mkimbiaji wa namna hiyo huweza kuliona jengo lililo mbali mbele yake, asikione kikombe cha maji kilichotupwa miguuni. Aliyezoea kufanya mazoezi alfajiri huipoteza alfajiri kwanza.

Hapo ndipo anapojifunza ufundi ninaotaka kuusifu. Nauita ufundi kwa sababu hukaa mwilini kama useremala, na hausomeki kitabuni. Chombo chake ni duni: ugwe mfupi, kitanzi huku na kitanzi huku, kimoja mkononi mwa mkimbiaji, kingine mkononi mwa kiongozi. Mikono iliyofungwa huenda mbele na kurudi pamoja, kwa hiyo miguu ya ndani nayo hupiga pamoja, wa kulia wa mmoja na wa kushoto wa mwenzake. Ugwe haupaswi kukaza. Ukikaza, mmoja amekosea. Kanuni za mashindano zinamkataza kiongozi kuvuta wala kusukuma. Akitangulia kuukata utepe, mkimbiaji wake huondolewa. Kilichobaki ni sauti: kona kushoto, tuta, mteremko, maji kulia. Neno likichelewa kwa hatua mbili, goti limekwisha kuchubuka. Na anayesema lazima awe na pumzi nyingi kuliko anayesikiliza, maana yeye anakimbia na kuzungumza.

Wakenya tunao mfano wetu. Henry Wanyoike alikuwa kijana mwenye mbio zake pale kiharusi kilipompokonya karibu nuru yote kwa usiku mmoja, mwaka 1995. Kwake giza halikubisha hodi. Kwenye Michezo ya Paralimpiki ya Sydney, mwaka 2000, kiongozi wake alikuwa mgonjwa na nguvu zikamwishia kabla ya mita 5,000 kwisha. Asiyeona akawa karibu kumburura anayeona hadi mwisho, na dhahabu akaipata. Baadaye ugwe ulishikwa na rafiki yake wa utotoni, Joseph Kibunja. Athens, mwaka 2004, walishinda mita 5,000 na 10,000. Aprili 2005 Wanyoike alivunja rekodi ya dunia ya marathoni ya wasioona jijini London kwa saa 2:32:51, na wiki moja baadaye akaivunja tena Hamburg kwa saa 2:31:31. Wiki moja! Naamini hakuna miguu inayoweza hayo bila moyo uliokwisha kumwamini mwenzake kabisa. Jina alilojipatia mbioni amelitumia tangu hapo kuchangisha fedha za kuwatibu watu ambao upofu wao unazuilika.

Na fedha za tafiti ndizo mbio ndefu kuliko zote. Mwaka 1971 huko Marekani, Gordon Gund, aliyepofushwa na retinitisi pigmentosa, alishirikiana na wenzake kuanzisha shirika la kugharamia utafiti wa magonjwa ya retina. Tiba ya kwanza ya jeni kwa upofu wa kurithi iliidhinishwa nchini humo Desemba 2017, miaka 46 baadaye, na shirika hilo lilikuwa limeigharamia kazi hiyo tangu ikiwa changa. Tiba yenyewe ni ya jeni moja tu, RPE65. Macho mawili yalitangazwa kugharimu dola 850,000.

Wakimbiaji wengi wenye ugonjwa huo wanaochangisha fedha hizo leo wana kasoro katika jeni nyingine. Wanaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mimi: huenda retina zao zitakufa kabla tiba yao haijafika. Bado wanajisajili, wanawaomba majirani na wafanyakazi wenzao wachangie, wanavaa viatu. Wanakimbilia jicho la mtoto wasiyemjua, na sijui sadaka iliyo safi kuliko hiyo.

Wewe unayekimbia kila alfajiri ukiwa na macho mazima, kata ugwe, funga vitanzi viwili, kisha umwulize mmoja wao kama anahitaji mwenza Jumamosi hii.