Utaalamu wa Benki Unamtumikia Nani?

Mwaka 1993 ilianzishwa Taasisi ya Wanabenki Tanzania, ambayo wengi huijua kwa jina la TIOB. Kazi yake ni kuwafundisha wafanyakazi wa mabenki, kuwatahini na kuwapa vyeti. Hatuipingi kazi hiyo. Taifa linalotaka kujitegemea halina budi kuwa na wataalamu wake lenyewe. Lakini utaalamu una upande. Swali la msingi ni hili: unamtumikia nani?

Tulitazame swali hili tukiwa Bagamoyo. Wanabenki wa London walipounda chama chao mwaka 1879, Bagamoyo tayari ilikuwa na utaalamu wake wa fedha. Matajiri waliikopesha misafara bidhaa, nayo ikalipa kwa pembe za ndovu. Mahesabu yalikuwa sahihi. Haki ya mpagazi aliyebeba mzigo ndiyo haikuwa na mahali katika daftari.

Azimio la Arusha lilitoa jibu jingine. Tarehe 6 Februari, 1967 mabenki yalitaifishwa, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara. Hata hivyo, hatuna budi kujikosoa. Mikopo mingi ilitolewa kwa mashirika na vyama vya ushirika bila kupimwa, wala haikurudi. Mali ya umma ikafanywa shamba la bibi. Sheria ya mwaka 1991 ikayafungulia mlango mabenki ya binafsi. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa, na mwaka 2000 hisa nyingi za NBC mpya zikauzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini.

Kwa hiyo makosa ni mawili. La kwanza ni kudai kuwatumikia wananchi bila utaalamu. La pili, ambalo ndilo hatari ya leo, ni utaalamu uliosahau wananchi.

Mama anayelima mwani Mlingotini huambiwa "hakopesheki". Mapato yake hufuata maji ya bamvua, wala si mwisho wa mwezi. Mvuvi naye hutegemea kusi na kaskazi. Mkulima wa mananasi wa Kiwangwa anaweza kupata hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, lakini mabenki mengi husita kuipokea kuwa dhamana. Je, ni mzalishaji asiyekopesheka, au ni mwanabenki asiyefundishwa kumpima?

Hapo ndipo taasisi ya kitaaluma inapaswa kupimwa. Mtihani wake umtake mwanabenki ajue msimu wa mwani kama anavyojua riba, na aweze kumweleza mkopaji masharti kwa Kiswahili kinachoeleweka. Nao makada wasiwadanganye wananchi kwamba mkopo ni zawadi.

Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mwanabenki hodari ni yule anayeupima mkopo mapema, pamoja na mkopaji, ili siku ya kulipa pasiwe na msiba nyumbani kwa mnyonge wala katika hazina ya umma.