Fimbo ya Mansfeld: Kukisoma Tena Kitabu cha Erikson juu ya Luther

Mwaka 1958 Erik H. Erikson, mtaalamu wa saikolojia, alitoa kitabu kiitwacho Young Man Luther. Hoja yake yafahamika: ukali wa Hans Luther kwa mwanawe ulimjengea mtoto sura ya Mungu mwenye hasira, na mapambano yake na baba yakageuka kuwa mapambano juu ya kuhesabiwa haki.

Ushahidi ni upi? Katika Mazungumzo ya Mezani Luther asimulia kwamba mama yake alimpiga hadi damu ikatoka kwa sababu ya njugu moja. Kwamba baba yake alimchapa hata akamkimbia, kisha mzee akahangaika kumvuta tena. Na kwamba shuleni alichapwa mara 15 asubuhi moja. Hayo yaliandikwa na waliokula mezani pake, naye amekwisha kuwa mzazi. Juu ya msingi huo mwembamba Erikson ajenga ghorofa. Hata kisa cha Luther kuanguka kanisani kwa ukelele, anachokipa sura nzima, kilienezwa na wapinzani wake.

Hata hivyo hatuwezi kuungana na wale wajibuo kwamba enzi zile kila mtoto alichapwa, hivyo fimbo haikuwa na neno. Mwaka 1998 Felitti, Anda na wenzao walichapisha majibu ya watu wazima 9,508 wa California. Waliopatwa utotoni na aina nne au zaidi za madhara, kama vile kupigwa au kuona mama akipigwa, hatari yao ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa mara 4 hadi 12 ya wale wasiopatwa na lolote. Jambo kuwa la kawaida halilifanyi kuwa jepesi. Lakini hesabu hizo zahusu watu wengi kwa jumla. Hazitabiri maisha ya mmoja, sembuse kumfumbua mtu wa karne ya 16.

Hapa ndipo tunapomlaumu Erikson zaidi. Mwaka 1530, akiwa ngomeni Coburg, Luther alipata habari ya kifo cha baba yake. Akachukua Zaburi yake, akajifungia chumbani kulia. Majuma machache baadaye alimwandikia mwanawe Hans, mwenye miaka minne, barua juu ya bustani ya watoto yenye matofaa na farasi wadogo. Kisha katika kisa kile kile cha njugu aliongeza kwamba aadhibuye aweke tofaa kando ya fimbo. Huyu si mtu aliyefungwa na maumivu yake, wala si mtu aliyeyasahau.

Neno hili lawagusa wachungaji. Muumini anaposema hawezi kutamka “Baba Yetu” bila kutetemeka, haifai kumkemea kwa imani haba; wala haifai kumwambia, kwa kumfuata Erikson, kwamba Mungu wake ni kivuli cha baba yake tu. Kwa darasa la uchungaji tunapendekeza kitabu hiki kisomwe, ila barua za Coburg zitangulie.