CCNP ya miaka tatu: wanatupima nini kweli?

Wandugu, tuache kwanza ile maneno ya kila siku kwamba wenye Cisco wanataka tu feza yetu. Sheria ya kupitisha tena mtihani wa CCNP iko na akili yake, na mimi niko upande wake kwa nusu. Ile nusu ingine njo inaniuma.

Sheria yenyewe: cheti kinaishi miaka tatu. Mbele tarehe ifike, unapita mtihani mmoja wa msingi, kama ENCOR, dola 400. Ao mitihani mbili za ubobezi, dola 300 kila moja. Ao ule wa maabara wa CCIE, lakini ule tuuache, wenye kuuendea wanajijua. Ao unakusanya pointi 80 za masomo ya kuendelea. Unaweza pia kuchanganya: pointi 40 na mtihani mmoja wa ubobezi. Ukiacha tarehe ipite, cheti kimekufa. Unarudi mwanzo, msingi na ubobezi, dola 700.

Wenye kuitetea wanasema mitandao inabadilika kila siku. Inabadilika wapi? OSPF yenye tunaweka leo kwenye ruta za ofisi, hati yake ni ya 1998. Ile ya BGP ni ya 2006. Mtu mwenye ameelewa juu ya nini ruta mbili zinakatala kuwa majirani, kwamba namba ya eneo haifanani, ao saa za hello, ao ukubwa wa MTU, hawezi kusahau ile mambo katika miaka tatu kama anaigusa kazini. Na kama haigusi, kusoma wiki mbili kabla ya mtihani hakutamsaidia siku mtandao unaanguka saa nane ya usiku.

Chenye kinazeeka haraka ni upande wa bidhaa. DNA Center ya jana leo inaitwa Catalyst Center. Kijana mwenye kampani yake iko na swichi kumi za zamani na ruta mbili anakariri kazi za mashine yenye hajawahi kuona hata kwa picha ya mbali. Pale mtihani haupimi kama unajua mitandao. Unapima kama umesoma katalogi ya muuzaji.

Lakini nilisema nusu. Katika toleo 1.1 la ENCOR, mambo ya kuendesha vifaa kwa programu, Python, API na wenzake, ni 15 kwa mia. Ile mimi naisifu. Bila kulazimishwa, wengi wetu tungebaki kuingia kwenye swichi moja moja, kuandika amri ileile mara kumi, na kuita ile «experiansi». Hapo sheria inasukuma mtu mbele kweli.

Kwa hiyo ubaya si miaka tatu. Ubaya ni kwamba njia yenye kufundisha haijulikani, na njia yenye kujulikana haifundishi. Kila mtu anazungumza juu ya mtihani. Pointi, nani anazungumzia? Na ukweli useme: kozi nyingi za kulipia ziko na bei ya juu kuliko mtihani wenyewe. Kozi ya ENCOR inaleta pointi 64, lakini nani kati yetu atailipa? Hata hivyo Cisco yenyewe inafunguaka mara na mara kozi za bure zenye kutoa pointi, kwa muda mufupi. Mwenye anaanza kuziangalia mwaka wa kwanza, pointi 40 zinaweza kupatikana polepole. Mwenye anaamka mwezi wa 35, anabaki na kadi ya benki ao na maswali ya kuibiwa. Wenye kununua ile maswali tunawajua, na Cisco ikimkamata mtu inaweza kufuta vyeti vyake vyote. Na mtihani wa nyumbani? Kamera, chumba kitupu, intaneti isiyokatika dakika 120. Wenye kuishi Bukavu ao Likasi, cheka kidogo.

Wakosaji wakubwa kwangu ni mapatroni wetu. Tangazo linaomba «CCNP yenye ingali hai» kwa kazi ya kuvuta kebo na kubadilisha maneno ya siri ya watu wa kontabilite. Kampani inatumia jina la cheti chako kwenye zabuni, inashinda soko, kisha siku ya kukihuisha inakuambia ni mambo yako binafsi. Kama cheti ni silaha ya kampani, risasi ilipiwe na kampani.

Basi wadogo wenye mnaenda kwa intavyu, kisha kuongea mshahara, ulizeni hii moja, kwa heshima lakini bila woga: «Patroni, ENCOR ya mwaka wa tatu nani atailipa?» Na jibu liandikwe kwenye kontra.